Shoo bila mtu kuumia: mwongozo kamili wa geti, uwanja na mbele ya jukwaa kwa mapromota wa Mbeya, Iringa na Njombe

Kila ikikaribia Pasaka, Idi au mwaka mpya simu yangu inaanza kuita, promota wa Mbeya, promota wa Mafinga, juzi kati hapa mwingine wa Tukuyu, na swali ni lilelile, "kaka nikodi mabaunsa wangapi?" Mimi huwa namjibu kwa swali, geti lako lina upana wa mita ngapi? Hapo kimya. Hajapima. Bei ya msanii anaijua mpaka senti ya mwisho, anajua na spika ngapi zinakuja na lori kutoka Dar, ila geti watakalopita watu wote hao hajawahi kulipima hata kwa hatua za miguu.

Nimekaa kwenye mageti ya shoo za huku nyanda za juu kusini miaka mingi, nimeshasachi, nimeshashika tochi, chupa ya kichwa nimeshapigwa, na kosa ninaloliona linajirudia ni moja. Watu wanapanga ulinzi wa kuzuia wazamiaji na vibaka, afu wanasahau kwamba kinachoua kwenye shoo ni msongamano. Na mtu kwenye msongamano hafi kwa kukanyagwa kama tunavyosimuliana vijiweni, mara nyingi anakufa akiwa amesimama wima, kifua kimebanwa pande zote, hewa haiingii. Baunsa mwenye mikono kama mirunda hawezi kumsaidia huyo. Anachohitaji ni nafasi, na nafasi inapangwa mchana kabla mtu hajafika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usiruke hii sehemu, wengi wanaofeli wanafelia hapa.

- Tepu ya fundi ya mita 30 au 50, karatasi na kalamu.
- Vibali. Anza na afisa utamaduni wa halmashauri, yeye atakwambia na mambo ya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), halafu polisi kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, na Zimamoto waje waone eneo. Wapeleke uwanjani mapema, usiwapelekee barua tu.
- Redio za mkononi zisizopungua 6. Simu usizitegemee, watu elfu moja wakianza kurusha video mtandao unalala.
- Megafoni 2 na betri za akiba.
- Taa za chaji au za sola za kuweka kila mlango wa kutokea. Zisitegemee jenereta ya jukwaa.
- Fensi za chuma, mirunda minene, kamba nene, na vitambaa vyeupe vya kufunga kwenye kamba zionekane gizani.
- Vizibao vya kung'aa vyenye namba kubwa mgongoni.
- Mitungi ya kuzimia moto ya unga au ya gesi, na ndoo za mchanga. Ya maji usiipeleke kwenye umeme.
- Madumu ya maji ya kunywa na vikombe.
- Machela 2, sanduku la huduma ya kwanza, mhudumu wa afya wa kweli sio shemeji yake promota, na gari lililogeuzwa tayari kuelekea barabarani.
- Kaunta zile za kubonyeza za kuhesabia watu, kila njia ya kuingilia moja. Ukikosa, tumia vishina vya tiketi ila hesabu kila nusu saa.

## Hatua ya 1: Pima uwanja upate namba moja

Tembea na tepu, chora. Tuseme umepata eneo la mita 40 kwa 30, hizo ni mita za mraba 1,200. Usishangilie bado. Toa jukwaa na nyuma yake, toa nafasi kati ya fensi na jukwaa, toa meza ya fundi sauti, mahema ya VIP, vibanda vya chipsi na mishikaki, toa na ile kona ambayo mtu akisimama haoni jukwaa, maana huko hakai mtu hata umbembeleze. Ukibakiwa na 800 umebahatika. Zidisha mara 2. Watu 1,600.

Hiyo ndio namba yako ya tiketi zote, humohumo na wageni wa bure, ndugu wa msanii, na wale vijana ambao mwenyekiti wa mtaa atakwambia ni wa kwake.

Kwanini wawili wakati kwa macho unaona wanne wanaenea? Kwasababu watu hawasambai sawasawa. Nyuma patakuwa na mtu mmoja kwa mita, mbele watabanana wanne. Wanne kwenye mita moja ya mraba bado mtu anapumua na kuruka kidogo, watano au sita huwezi kuinua mkono bila kumpiga mtu kiwiko, wakifika saba hamtembei tena kwa miguu yenu, mnapelekwa tu kama maji kwenye mfereji. Kama huamini chora boksi la mita moja kwa moja chini, ingiza vijana wako wanne, kisha sita, kisha waambie wachuchumae. Hawataweza, na promota aliyeona hilo kwa macho yake habishani tena na wewe.

Tabora mwaka 2008, sikukuu ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa kwenye ukumbi wa disko uliojazwa kupita uwezo wake. Hapakuwa na bomu pale wala vita. Ilikuwa idadi tu.

Utajua umepatia kama promota, mkata tiketi, mkuu wa mabaunsa na askari aliyepangwa, ukimuuliza yeyote namba, wote wanakutajia hiyohiyo. Na hakikisha hakuna kitabu cha tiketi cha akiba kwenye buti la gari la mtu.

## Hatua ya 2: Milango ya kutokea

Pima upana wa kila mlango kwa sentimita, pale penye ufinyu zaidi. Geti la mita 4 lenye bawa moja lililozama kwenye udongo halifunguki ni geti la mita 2, acha kujidanganya.

Kwenye viwanja vya mpira vya Uingereza wanapiga hesabu ya watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana, ardhi tambarare, na muda wa kutoka usizidi dakika 8. Hao wana taa na sakafu ya zege. Sisi tuna giza, matope na mawe, mimi napiga 60. Geti la mita 4 litatoa watu 240 kwa dakika, kwahiyo 1,600 wanahitaji kama dakika 7. Sawa, inakubalika.

Sasa rudia hesabu ukiwa umelifuta kabisa geti kubwa kuliko yote. Jifanye halipo. Maana moto ukitokea kuna uwezekano mkubwa utatokea kwenye jenereta, na jenereta huwa mnaiweka wapi? Pembeni ya geti kubwa ili lori lisipate tabu. Kama bila hilo geti hesabu yako inakwenda dakika 20, vunja sehemu ya uzio mchana upate mlango mwingine, au punguza tiketi. Njia nyingine hakuna.

Onyo la kufuli. Hili nimeliona Mbeya, nimeliona Iringa, nimeliona kila mahali: mlango wa dharura upo, umepakwa na rangi, umefungwa kufuli na ufunguo anao mzee mmoja aliyeenda kulala. Ondoa kufuli kabisa. Weka watu wawili pale na kamba nyepesi, kazi yao usiku mzima ni mlango huo tu. Najua mnaogopa wazamiaji, ndio maana nasema watu wawili.

Na watu hukimbilia mlango walioingilia, huo ndio wanaoujua. Kwenye klabu moja huko Rhode Island Marekani mwaka 2003 fataki za jukwaani ziliwasha sponji za ukutani, wakafa watu 100, na umati ulijazana mlango wa mbele wakati milango mingine ilikuwepo. Kwahiyo MC atangaze milango yote mara mbili kabla msanii mkubwa hajapanda, kwa kunyoosha mkono, "kuna mlango kule kwenye mti, kuna mwingine kule kwenye taa ya kijani." Inachukua sekunde 20.

## Hatua ya 3: Geti la kuingilia

Hapa nataka nikae kidogo maana hapa ndipo mnapofeli kila siku.

Tiketi ziuzwe mbali na geti. Mita 30 angalau, 50 ni bora. Siku hizi mtu analipa kwa lipa namba, anafika getini ndio anaanza kutafuta meseji, mtandao unagoma, anaomba mshikaji wake amtumie, nyuma yake watu 200 wanasukuma. Mtu akifika getini awe na kitu kimoja tu mkononi, tiketi au utepe wa mkononi.

Hesabu njia. Msachi mzuri anamaliza mtu kwa sekunde 10 mpaka 12. Hao ni watu 5 kwa dakika, 300 kwa saa. Mwezi wa 6 na wa 7 punguza hapo, maana mtu wa Mbeya kavaa sweta, juu yake jaketi, juu yake koti zito la mtumba, unamsachi kama unamenya kitunguu. Na watu wetu hawaji jioni, kuna baridi na kila mtu anajua msanii mkubwa anapanda saa 6, kwahiyo wanakuja saa 3 mpaka saa 4 usiku wote kwa mpigo. Wakija 1,000 ndani ya saa moja unahitaji njia 4 zinazofanya kazi muda wote. Promota anaweka 1 na nusu. Hiyo nusu ni ya VIP.

Wasachi wanawake wawe nusu. Wadada wakikosa mtu wa kuwasachi wanajazana pembeni wakisubiri, na huo mkusanyiko wa pembeni ndio unaoziba njia za wengine. Achilia mbali kwamba baunsa wa kiume hana ruhusa ya kumpapasa binti wa watu.

Tengeneza foleni kabla ya watu. Mirunda iliyochimbiwa na kamba, njia nyembamba ya mtu mmoja au wawili, ianze mbali na igeuke geuke kidogo ili msukumo usije moja kwa moja getini. Kamba iwe usawa wa kiuno, isiwe ya shingoni wala ya kukwaza miguu. Misumari iliyochomoza igonge. Na usipitishe foleni kwenye ukuta wa tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, umati ukiuegemea huo ukuta unalala.

Fungua mapema. Umetangaza saa 12 jioni, fungua saa 11 na nusu hata kama fundi sauti bado anasema "tesi tesi". Umati unaosubiri geti lililofungwa unajikaza kama kamba, na sekunde unayolegeza bawa moja wote wanataka hilo bawa.

Usishushe kiingilio usiku. Hili nilikuwepo. Shoo ya mkesha wa sikukuu, kiingilio buku tano, ndani hakujajaa, promota akaona hasara akamtuma kijana akatangaze nje kwa spika kwamba sasa ni buku mbili. Nje walikuwepo kama watu 400 wanaota moto wa maboksi wakisubiri hasa hilo tangazo. Bawa la geti lilikuwa moja. Mimi nilikuwa upande wa ndani nikasikia kwanza kelele za furaha, baada ya dakika moja kelele zikabadilika, na kama hujawahi kusikia huo mlio wa pili omba usiusikie. Binti mmoja alivunjika mkono, mwingine tulimvuta kwa juu ya geti. Waliokufa hakuna, na sio kwa sababu ya akili zetu. Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako kwenye ibada. Kitu kimoja, sehemu moja, kila mtu anakitaka sasa hivi. Buku mbili ya ghafla ni mafuta yaleyale. Na kurusha fulana au hela kutoka jukwaani ni hayohayo, mkatazeni msanii.

Ukijaa, tangaza mbali. Mtu mwenye megafoni akae mita 100 kabla ya geti, kwenye kona ya barabara, awaambie wanaokuja kwamba pamejaa na hela za waliolipa kwa simu zitarudi. Kumfungia mtu geti usoni huku nyuma yake watu 300 hawajui kinachoendelea ni kutengeneza msiba.

Msukumo ukianza, usisukume kurudisha. Wa mbele hana pa kurudi, unamponda tu. Peleka watu wawili wa megafoni kwenye mkia wa foleni, hao wa nyuma ndio wenye uwezo wa kurudi hatua. Ukiona watu wa mbele wameanza kulia au kuinua nyuso juu wakitafuta hewa, fungua mageti yote mapana waingie bure. Ndio, bure. Utapoteza viingilio 200, hiyo ni pesa tu.

Chupa, visu na vyuma weka kwenye pipa ndani ya geti, sio chini pembeni. Kwa upande wa Iringa msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, mtaletewa madumu, dumu halirudishwi kwa mwenyewe pale pale maana atakaa nje ya geti alimalize na marafiki zake kumi, weka namba arudi nalo akitoka.

Utajuaje geti linakwenda vizuri? Mtu wa katikati ya foleni anaweza kuchomoka akajisaidie na akarudi, na foleni inasogea kila dakika.

## Hatua ya 4: Mbele ya jukwaa

Kati ya fensi na jukwaa acha mita 1.5 mpaka 2, humo wanakaa vijana wako wakiwa wameangalia watu, migongo kwa msanii. Baunsa anayerekodi msanii kwa simu mtoe siku hiyohiyo. Humo humo yawepo maji na njia ya kutoka pande zote mbili mpaka kwenye hema la huduma ya kwanza, bila magari, bila maboksi ya spika.

Fensi yenyewe. Zile fensi za chuma za kuazima zenye miguu ya kuchomoza zinaanguka, na ikianguka watu wanaanguka juu yake tabaka kwa tabaka. Zifunge pamoja, zishikilie kwa mirunda iliyochimbiwa upande wa jukwaani, halafu saa 10 jioni waite vijana 15 waisukume kwa mpigo mara tatu. Ikitikisika sana, rudia kazi. Nitasema kitu mafundi hawatakipenda: kama huwezi kupata fensi imara ni heri usiweke kabisa, pandisha jukwaa mita 1.5, punguza tiketi, weka watu wengi mbele, kuliko kuweka ukuta wa uongo.

Umati mkubwa ugawe. Njia ya wazi katikati kutoka jukwaani mpaka meza ya fundi sauti, yenye fensi pande zote, inavunja mawimbi, pia inakupa njia ya kumfikia mtu aliyezimia katikati. Kwenye tamasha la Roskilde kule Denmark mwaka 2000 walikufa vijana 9 mbele ya jukwaa, ardhi ina matope, watu wakateleza wakaangukiana, na kwa kelele za muziki watu wa nyuma hawakujua. Matope ya hapa kwetu mwezi wa 3 mnayajua wenyewe, mwaga maranda ya mbao au kokoto ndogo hapo mbele. Maranda Mafinga na Njombe yanatupwa tu.

Hakuna mtu juu ya miti, kuta wala nguzo za spika. Washushe mapema wakiwa wawili, wakishakuwa ishirini huwashushi.

## Hatua ya 5: Nani anasimama wapi

Haya, sasa lile swali lenu la mabaunsa wangapi. Mimi naanzia mtu mmoja kwa kila watu 100, kwa 1,600 ni 16, kisha naongeza kulingana na milango. Ila sio wote mabaunsa. Nahitaji watu 6 tu wenye misuli, wa mbele ya jukwaa. Wengine ni watu wenye subira: wasachi, wakaa milangoni, na wawili muhimu kuliko wote ambao hamjawahi kuwaajiri, watazama umati.

Hao wawili wanakaa juu, mmoja pembeni ya jukwaa mmoja kwenye meza ya fundi sauti, na kazi yao ni kuangalia vichwa. Hawasachi, hawanywi, hawaitwi kwenda kuleta kiti cha mheshimiwa. Wafundishe kutafuta haya: vichwa vinakwenda kama wimbi kushoto na kulia bila kufuata muziki, watu wa mbele wameacha kucheza, nyuso zimetazama juu, mikono imebanwa kifuani, watu wanaomba kuvutwa juu ya fensi mmoja baada ya mwingine. Mmoja akivutwa, sawa, amechoka. Watatu ndani ya dakika mbili ni dalili.

Kaeni pia na kiongozi wa askari waliopangwa, mchana, kwa heshima, mumuulize atafanya nini vurugu zikianza. Bomu la machozi kwenye eneo lililozungushiwa uzio linawakimbiza watu wote kwenda mlango mmoja. Muonyeshe milango, muonyeshe hesabu. Mara nyingi anaelewa kuliko promota.

Mgambo na mabaunsa wote waambiwe: hakuna kupiga. Fimbo moja kwenye umati inarudisha nyuma watu 50 kwa kishindo, na hao 50 wanawaangukia wengine.

## Hatua ya 6: Mpango wa kusimamisha muziki

Kama utafanya hatua moja tu kwenye huu mwongozo basi iwe hii, haina gharama.

Chagua MTU MMOJA mwenye mamlaka ya kusimamisha shoo. Sio promota, promota anawaza hela na anamuogopa msanii. Awe mkuu wa usalama. Akisema neno mlilokubaliana kwenye redio, fundi sauti anashusha muziki bila kuuliza, taa za uwanjani zinawashwa, MC anachukua maiki. Meneja wa msanii aambiwe hili kabla ya shoo na mliandike kwenye mkataba. Kule Houston Novemba 2021, tamasha la Astroworld, walikufa watu 10, na muziki uliendelea zaidi ya nusu saa baada ya vyombo vya usalama kuwa vimeshatambua kuna watu wengi wanaumia. Vifaa wale walikuwa navyo vya kila aina.

Usizime kila kitu ghafla. Giza na ukimya wa ghafla vinaleta hofu, na wengine watadhani umeme umekatika waanze kurusha chupa. Shusha sauti, washa taa, kisha MC aseme maneno haya aliyoyafanyia mazoezi, taratibu, bila kupayuka:

"Ndugu zangu, shoo inaendelea baada ya dakika chache. Kuna wenzetu hapa mbele wamebanwa. Ninyi wa nyuma kabisa, kule kwenye vibanda, rudini hatua tatu. Asanteni. Sasa wa katikati, hatua tatu. Asanteni sana. Wa mbele bakini mlipo, msisukumane."

Umeona mpangilio? Nyuma kwanza. MC wengi wanapiga kelele "jamani wa mbele rudini nyuma", wanarudi wapi? Na asitaje neno moto, bomu wala kufa.

Fanyeni mazoezi saa 11 jioni, mkuu aseme neno, mpime sekunde mpaka sauti ishuke. Zikizidi 15 rudieni. Na megafoni moja iwe jukwaani, siku jenereta ikizima ndio utanikumbuka.

## Hatua ya 7: Mvua, upepo, baridi na moto

Mvua ya huku kuanzia Novemba mpaka Aprili haibishi hodi. Ikishuka, watu 1,000 wanakimbilia hema moja, na hema hilo linaangushwa. Kwahiyo amua mapema: VIP hema lisiwe na kuta, liwe na nafasi pande zote, na ikianza radi shoo inasimama, watu wanaelekezwa kutoka taratibu. Nyaya za umeme zipite juu au zifukiwe, viungio viwe juu ya mbao, vifunikwe.

Upepo wa Makambako na wa Iringa mjini sihitaji kuwasimulia. Bango kubwa la mdhamini nyuma ya jukwaa ni tanga la jahazi, litoboe au ulishushe upepo ukianza kulipigapiga.

Baridi inaleta majiko ya mkaa na moto wa maboksi. Wachoma mishikaki wakae upande mmoja, mita 10 kutoka kwenye mahema, kila watatu na mtungi wa kuzimia moto. Jenereta iwe mbali na watu, moshi wake usiingie kwenye hema, na dizeli isimiminwe ikiwa inaunguruma. Fataki za ndani ya ukumbi, hapana, hata msanii akisusa. Namba za Zimamoto ni 114, polisi 112, ziandikwe nyuma ya kitambulisho cha kila mfanyakazi.

## Hatua ya 8: Mtu akizimia

Mtoe kwanza kwenye watu, mbebe, usimburuze. Usimmwagie maji usoni na usiruhusu duara la watu 30 wanaompepea.

Anapumua lakini hajitambui: mlaze ubavu, kichwa kimeinama kidogo ili matapishi yatoke, legeza nguo za kifuani, mtu mmoja akae naye asimuache. Hapumui: anza kubonyeza kifua katikati palepale, kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi, aliyejifunza aongeze pumzi 2 kila baada ya mara 30, na gari liitwe wakati huohuo. Mtu aliyebanwa ubongo wake unakosa hewa, dakika nne tano zinatosha kuleta madhara, kwahiyo habari za "subiri mhudumu afike" hazipo, kila mtu wako wa mbele ajue kubonyeza. Wahudumu wa hospitali wakiombwa vizuri wanakuja kufundisha nusu siku.

## Hatua ya 9: Kutoka

Saa 9 usiku walinzi wamechoka, nusu wamelewa, na ndio muda watu wote wanatoka kwa mpigo. Usizime muziki na taa ghafla msanii anaposhuka. DJ apige nyimbo za taratibu dakika 20 hivi, taa zote ziwake, milango yote ifunguliwe dakika 15 KABLA ya wimbo wa mwisho na kamba za foleni ziondolewe, maana kamba za kuingilia gizani zinakuwa mitego ya kutokea.

Bodaboda na bajaji. Hawa wataziba geti, kila mmoja anataka abiria wa kwanza. Ongea na viongozi wa vijiwe mchana, wapangie sehemu mita 60 kutoka getini, weka kamba na mtu wa kizibao. Kama uwanja uko karibu na barabara kuu ya Tunduma, malori hayalali pale, omba askari wa usalama barabarani na uweke watu wako wenye tochi upande wa lami, kwasababu mtu aliyetoka kwenye spika masikio yanavuma hasikii honi.

Watu wakiisha pita na tochi vyooni, nyuma ya jukwaa, chini ya meza na kando ya ukuta, huwa hakosekani mtu kalala, na usiku wa Julai Njombe kulala nje na pombe kichwani si salama. Hesabu watu wako wote kwa namba za vizibao. Kabla hamjagawana posho andikeni kwenye ile karatasi ya mchana: geti lilijaa saa ngapi, njia ipi ilikwama, wangapi walivutwa juu ya fensi, sekunde ngapi muziki ulishuka kama ulishushwa. Ukinipigia tena mwakani anza kunisomea hiyo karatasi.